Mjumbe mwenye karatasi mbili: John Kirk, Seyyid Barghash na mkataba wa Juni 1873

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na kila mtu anajua kwa nini: aliyeleta neno siye mwenye neno. Lakini methali hiyo ina sharti lisilotamkwa, kwamba mjumbe amelifikisha neno lote kama alivyokabidhiwa. Akilifikisha nusu, je?

Mwanzoni mwa Juni 1873, mjini Unguja, Dakta John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, alikuwa ameshika maagizo mawili ya London yaliyomfikia kwa pamoja. La kwanza lilimtaka amwambie Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, atie saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao, la sivyo kisiwa kizingirwe na manowari. La pili lilimkataza kukizingira, kwa hofu kwamba kufanya hivyo kungehesabiwa ni kuanzisha vita na kungemsukuma Sultani akajikinge kwa Wafaransa. Kirk alimwonyesha Barghash agizo la kwanza. La pili alikaa nalo mwenyewe.

Tarehe 5 Juni mkataba ukatiwa saini.

Wanaomsifu Kirk humwona shujaa aliyethubutu pale wakubwa zake walipotetereka. Wanaomlaumu humwona laghai aliyemtisha mfalme kwa bunduki isiyo na risasi. Pande zote mbili zinabishania tabia yake. Mimi naona kiini cha kisa hiki kiko penginepo, katika jambo kavu ambalo vitabu hulipita mbio: mwaka 1873 waya wa simu ya maandishi, yaani telegrafu, kutoka Ulaya ulikuwa haujapita Aden kuja Unguja. Kutoka hapo neno la London lilipanda meli kama abiria mwingine yeyote. Mawaziri waliweza kuamua, wakajuta, wakaamua vingine, na karatasi zao zote zikatua Unguja siku za karibu, mbele ya mtu mmoja. Wa kumwuliza ipi inashika hakuwepo. Umbali huo ndio uliokuwa nguvu ya Kirk. Miaka 12 baadaye umbali ulikuwa umekwisha, Sultani ni yuleyule na balozi ni yuleyule, na mambo yakaenda kinyume kabisa.

Nasema "balozi" kwa sababu ndivyo watu wa mwambao walivyowaita wawakilishi wa mataifa ya nje wakati ule, ingawa kwa daraja za leo tungesema balozi mdogo. Na hata hilo halikuwa kazi aliyosomea. Kirk alizaliwa 19 Desemba 1832 huko Barry, karibu na Arbroath, Uskoti, mtoto wa kasisi. Alisomea udaktari Edinburgh, akahudumu katika hospitali ya Waingereza kwenye Dardanelles wakati wa vita vya Crimea, kisha mwaka 1858 akaandamana na David Livingstone kwenda mto Zambezi akiwa daktari na mtaalamu wa mimea. Safari ile ilikuwa ya homa, magomvi na vifo, naye akaondoka mwaka 1863 akiwa na maoni yasiyo matamu sana juu ya uongozi wa Livingstone. Mwaka 1866 alifika Unguja kuwa daktari wa ubalozi. Wakubwa wake wakaugua na kuondoka, yeye akabaki. Henry Churchill alipoondoka mwishoni mwa 1870 kwa maradhi, daktari akakaimu, na aliyekaimu akathibitishwa. Ndivyo alivyopanda cheo: kwa afya yake na kwa kukaa.

Kukaa kwake hakukuwa kwa bure. Kirk alikuwa mtu wa kuchunguza. Sandarusi, utomvu mgumu wa mti, iliyokuwa ikichimbwa bara na kuuzwa nje kwa wingi ilikuwa fumbo kwa wataalamu wa Ulaya. Yeye aliifuatilia hadi akaonyesha uhusiano wa ile ya kuchimbwa ardhini na ile inayotoka kwenye mti ulio hai. Mtambaa wa mpira uliokuja kuwa biashara kubwa ya mwambao umepewa jina lake na wanasayansi, na vilevile kima punju wa Jozani na digidigi. Mtu wa namna hiyo, ukimweka miaka saba katika bandari ya Unguja, hujua jahazi lipi limetoka Kilwa, limebeba nini, nahodha wake anamdai nani na nani anamdai. Hakuna waziri wa London aliyekuwa na elimu hiyo, na Sultani mwenyewe alilijua hilo.

Alitumikia ofisi mbili kwa wakati mmoja: serikali ya India, iliyowaangalia wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja kama raia wake, na Wizara ya Mambo ya Nje ya London. Ukitumikia wawili unazoea kusoma amri kwa jicho la "huyu anasemaje, na yule je?"

Seyyid Barghash ndiye nusu ya pili ya kisa, na mara nyingi huandikwa kana kwamba yeye ni ukuta tu wa kugongwa. Hakuwa ukuta. Baba yao, Seyyid Said, alipokufa mwaka 1856, Unguja ilishikwa na Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua nduguye huyo, akajifungia na wafuasi wake katika shamba la Machui. Dada yake Salme alikuwa upande wake. Aliyelizima jaribio hilo hakuwa Majid peke yake. Walikuwemo mabaharia na mizinga ya Waingereza, wakati huo balozi akiwa Christopher Rigby. Barghash akapelekwa Bombay, akakaa uhamishoni kama miaka miwili. Kwa hiyo mtu huyu, aliposikia neno "manowari", hakuhitaji kulifikiria. Alishaonja. Na Bombay alikuwa ameona kwa macho yake ukubwa wa dola iliyokuwa nyuma ya meli zile.

Alitawazwa Oktoba 1870, baada ya Majid kufariki. Waingereza walitarajia mtawala mwepesi, wakakuta mwenye msimamo, aliyezungukwa mwanzoni na wanazuoni wa Kiibadhi waliotaka mambo yarudi katika mstari. Hazina ilikuwa dhaifu. Deni la riale 40,000 kila mwaka kwa Maskati, lililowekwa na uamuzi wa Lord Canning mwaka 1861 ulipotenganishwa ufalme, lilikuwa juu yake. Ushuru wa forodha ulikuwa umekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na sehemu ya ushuru huo ilitoka kwa kichwa cha kila mtumwa aliyepita.

Kisha tarehe 15 Aprili 1872 kikaja kimbunga. Unguja si nchi ya vimbunga. Watu hawakuwa na kumbukumbu ya kitu kama kile. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa ililala chini, na meli zilizokuwa bandarini, za Sultani zikiwemo, zikavunjika au kuzama. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Shika hilo la Pemba, litarudi.

Biashara yenyewe wakati huo ilikuwa na umbo la ajabu kisheria. Mkataba wa 1822 ulikataza kuwauzia Wakristo. Mkataba wa 1845 ulikataza kuwatoa watumwa nje ya milki za Sultani za Afrika Mashariki. Lakini ndani ya milki hizo, kutoka Kilwa hadi Unguja, kutoka Unguja hadi Lamu, jahazi lilibeba watu mchana kweupe kwa halali. Nahodha aliyekamatwa alisema anakwenda Lamu, na huenda alikuwa anakwenda Lamu. Au Lamu ilikuwa kituo cha kuchukua maji tu kabla ya Arabuni. Makadirio ya kawaida ya miaka ya 1860 yanataja watu wapatao 20,000 kwa mwaka wakipita Unguja. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikimbizana na majahazi baharini, mengine ya hatia, mengine yasiyo na kosa, na kuyachoma. Kila aliyeujua mwambao alijua kwamba mlango ni huo uhalali wa ndani, na kwamba ukibaki wazi mengine yote ni maonyesho. Kirk alikuwa akiandika hivyo kwa miaka.

Kilichoisukuma London hakikuwa barua za Kirk. Kamati ya Bunge ilikaa mwaka 1871 na kupendekeza biashara hiyo ikomeshwe kabisa. Mwaka uliofuata Henry Stanley akarudi Ulaya na barua za Livingstone, zenye habari ya mauaji aliyoyashuhudia sokoni Nyangwe, kwenye mto Lualaba, Julai 1871. Waingereza wakawaka. Na hapa kuna kejeli ambayo Kirk lazima aliihisi kooni: mzigo uleule wa Stanley uliompa silaha aliyoingoja ulileta pia mashtaka dhidi yake. Stanley alitangaza kwamba Kirk alimpuuza Livingstone, kwamba msafara wa mahitaji ya mzee ulikaa Bagamoyo kwa miezi na balozi aliye ng'ambo tu ya mkondo hakuujali. Uchunguzi wa serikali ulimsafisha. Lakini mwaka 1872 na 1873 Kirk alikuwa mtu mwenye doa, ambaye nusu ya wasomaji wa magazeti ya kwao walimjua kwa lawama hiyo. Simaanishi kwamba aliificha karatasi ili kujisafisha. Nasema tu kwamba mtu aliyeambiwa hadharani kuwa alikaa bila kutenda, ukimpa nafasi ya kutenda, hataikawiza.

Mwishoni mwa 1872 serikali ikamtuma Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, na Mchungaji George Percy Badger kwa Kiarabu chake. Walifika Unguja Januari 1873 kwa fahari na meli nyingi. Wakashindwa. Barghash alijibu kwamba kisiwa kimetoka kupigwa na Mungu, mashamba yamelala, na sasa mnataka kuwanyima Waarabu mikono ya kuyainua. Alieleza hali yake kwa mfano uliobaki katika kumbukumbu: ameelekezewa mkuki kwenye kila jicho, achague litobolewe lipi. Mkuki mmoja ni Waingereza, wa pili ni watu wake mwenyewe. Upande mwingine konseli wa Ufaransa alikuwa akimtia moyo asikubali.

Kushindwa kwa Frere kunafundisha zaidi kuliko kufaulu kwa Kirk, nami nashangaa kwa nini hutajwa kwa sentensi moja. Frere alikuja na hoja. Alikuja na barua ya Malkia, maneno mazuri juu ya utu, na orodha ya faida za biashara halali. Barghash akasikia hoja, akatoa hoja. Mjumbe mkubwa kutoka mbali anayejadiliana anaonyesha kwamba kuna cha kujadili, na kila siku ya baraza ilimfundisha Sultani kwamba Waingereza hawajakata shauri. Alisoma vizuri. Walikuwa hawajakata shauri kweli. Frere akaondoka kwa hasira, na kabla ya kuondoka akatoa amri kwa manowari za kuzuia usafirishaji hata kati ya bandari za Sultani mwenyewe, amri ambazo serikali yake haikuwa imempa mamlaka ya kuzitoa. London ikajikuta na mtu wake aliyevuka mpaka: imkane au imfuate? Wakaamua kumfuata, kwa nusu moyo. Nusu moyo huo ndio uliozaa karatasi mbili.

Kirk alikwenda kwa Sultani kama mtu wa nyumbani. Hakuwa na msafara wa fahari. Wote wawili walikuwa wamekaa mji mmoja kwa miaka, wakijuana mpaka ukali wa kauli. Washauri wa Barghash walipotaka kuufungua mjadala upya, Kirk aliwaambia waziwazi kwamba hakuja kujadiliana bali kuwapa sharti. Hilo ndilo Frere hakuweza kulisema, kwa sababu lingekuwa uongo kwake. Lilikuwa nusu uongo kwa Kirk pia. Tofauti ni kwamba Kirk aliamini, baada ya miaka saba ya kuiangalia bandari, kwamba tishio likitamkwa vizuri halitahitaji kutekelezwa.

Alikuwa amehesabu nini? Kwanza, kwamba kisiwa kinaishi kwa bahari. Chakula kingi, karafuu, pembe, ushuru, vyote hupita forodhani. Ukizifunga bandari majuma machache, nyumba za biashara za Kihindi zinaanza kuomba suluhu kabla ya Sultani. Pili, kwamba Sultani hana tena meli, kimbunga kilizichukua. Tatu, kwamba Ufaransa, miaka miwili tu baada ya kupigwa na Wajerumani, ingetoa maneno na isitoe meli. Nne, na hili ndilo zito, kwamba Barghash alihitaji kulazimishwa ili aokoke na mkuki wa pili. Akikubali kwa hoja, wakubwa wa Kiarabu wangesema ameuza nchi. Akikubali chini ya mizinga, atasema alifanya nini? Kila mzee wa Unguja alikumbuka Machui.

Hili la nne sikuliona nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza. Nilidhani karatasi iliyofichwa ilimdhulumu Barghash tu. Sasa naona ilimdhulumu na pia ikampa kisingizio. Lau Kirk angemwonyesha zote mbili, Sultani angelazimika kukataa, kwa kuwa angejua, na watu wake wangejua kwamba anajua, kuwa hakuna kuzingirwa. Angepata miezi. Angewaandikia Wafaransa. Labda angeponyoka na mkataba mwepesi zaidi.

Lakini hoja hiyo, hata ikiwa ya kweli, ni hoja ya waliokaa barazani. Dhuluma ya mjumbe kwa mfalme ipo. Naipima pamoja na watu waliokuwa Kilwa wiki ile wakingoja jahazi, ambao hawakuulizwa na Kirk, Barghash, Frere wala konseli wa Ufaransa, na ambao miezi ya mazungumzo ilikuwa na bei kwao. Siwezi kuamua kesi hii bila wao, na wao ndio hawakuacha barua.

Mkataba uliotiwa saini ulikuwa mfupi. Kutoa watumwa pwani ya bara kupelekwa popote, iwe sehemu nyingine ya milki au nchi za nje, kumekoma. Masoko yote ya wazi ya watumwa walioletwa yamefungwa. Walioachwa huru walindwe. Raia wa India chini ya Uingereza wasimiliki watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa, na siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana likawekwa kwenye kiwanja hicho. Livingstone, ambaye barua zake zilikuwa zimeuwasha moto wote huu, alikuwa amekufa tangu Mei mosi huko kwa Chitambo. Unguja haikuwa na habari bado.

Angalia kisichomo. Utumwa wenyewe haukuguswa. Mtu aliyekuwa akipalilia mikarafuu ya bwana wake tarehe 4 Juni aliendelea kuipalilia tarehe 6. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

Na bahari ilipofungwa, njia ikawa nchi kavu. Hapa ndipo Pemba inaporudi. Karafuu za Unguja zimelala, bei imepanda, Pemba imesimama: kila mwenye mtaji akataka shamba Pemba, na kila shamba likataka watu. Misafara ikaanza kutembea kutoka Kilwa kwenda kaskazini kwa miguu, kupitia mrima, hadi Pangani na zaidi, ambako usiku mmoja wa tanga ulitosha kuvuka. Kapteni Frederic Elton, makamu wa Kirk, alitumwa mwishoni mwa 1873 kuifuata barabara hiyo. Katika muda wa mwezi mmoja walihesabiwa watu zaidi ya 4,000 wakipitishwa. Mkataba uliokuwa umeliondoa jahazi uliwapa badala yake majuma ya kutembea wakiwa wamefungwa shingo, na wengi walibaki njiani. Kirk aliyasoma maelezo ya Elton. Hakuwa mtu wa kujidanganya juu ya takwimu.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nisimwite laghai na kuishia hapo. Hakuomba meli zaidi. Alimgeukia Barghash, yuleyule aliyekuwa ameshindwa naye. Mwaka 1875 alifuatana na Barghash kwenda Uingereza, ambako Sultani alipokewa na Malkia. Mwaka huohuo majeshi ya Misri ya Khedive Ismail yalipoteremka Barawa na Kismayu, Kirk alisimama upande wa Sultani na Wamisri wakaondolewa. Mwaka 1876 Barghash akatoa matangazo ya kupiga marufuku misafara ya watumwa nchi kavu, jambo ambalo hakuna mkataba uliomlazimisha kulifanya, na mwaka uliofuata Luteni Lloyd Mathews akaanza kumfunzia jeshi la kulitekeleza. Kuanzia hapo biashara ilipungua kweli, ingawa magendo ya Pemba yaliendelea kuua: Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa meli London, iliyowekwa Unguja kwa kazi hiyo, aliuawa akipambana na jahazi moja.

Kwa miaka hiyo watu walizoea kusema kwamba Unguja inatawalwa na Kirk. Si kweli kikamilifu, lakini hata Barghash alitenda kana kwamba Kirk na Uingereza ni kitu kimoja. Na kwa nini asingedhani hivyo? Mwaka 1873 Kirk alisema "mtazingirwa", naye akaamini. Mwaka 1875 alisema Wamisri wataondoka, wakaondoka. Hakuna karatasi iliyoandikwa kwamba Uingereza itamlinda Sultani na milki yake kama malipo ya yale aliyoyatoa. Ilikuwa ahadi ya uso, ya mtu aliyekuwa hakosei.

Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ukafika Unguja kutoka Aden. Mji ulifurahi, wafanyabiashara walipata bei za pembe na karafuu siku hiyohiyo. Sijui kama Kirk alielewa siku ile alichopoteza. Kuanzia hapo hapakuwa tena na karatasi mbili za kuchagua. Neno la mwisho lilifika mwisho, na likafika mbio.

Novemba na Desemba 1884 Mjerumani Karl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye mikataba. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser akaitangaza nchi hiyo kuwa chini ya ulinzi wake. Barghash akapinga kwa simu hadi Berlin. Kirk akaiandikia London kwa ukali aliouweza. Lakini London ilikuwa na Misri mkononi na madeni yake, na ilimhitaji Bismarck, kansela wa Ujerumani. Jibu likaja kwa waya, wazi, bila pengo la siku nyingi baharini ambamo mtu angeweza kujificha: balozi asiwapinge Wajerumani, na amshauri Sultani akubali.

Tarehe 7 Agosti 1885 manowari tano za Kijerumani chini ya Kamanda Paschen zilitia nanga mbele ya jumba. Wajerumani walimleta pia katika msafara wao Salme, dada yake Barghash aliyekuwa upande wake wakati wa Machui, sasa akiitwa Emily Ruete, kama kete ya kuwekwa mezani ikihitajika. Sultani alitazama mizinga na akangoja balozi wake. Kirk akaja, akasema alichoagizwa kusema. Hakikupunguzwa hata neno. Barghash akakubali.

Nani alimdanganya nani? Mwaka 1873 Kirk alimficha Sultani ukweli, na Sultani akaishia na mlinzi. Mwaka 1885 alimwambia ukweli wote, na Sultani akaishia bila nchi. Najua kwamba kanuni ya ujumbe inapendelea tendo la pili. Barghash, nadhani, angependelea la kwanza.

Tume ya mipaka ilipoundwa kuamua Sultani anamiliki nini bara, Uingereza haikumweka humo mtu aliyeijua pwani hiyo kwa miaka karibu 20. Ilimweka Herbert Kitchener. Kirk aliondoka Unguja katikati ya 1886, akastaafu mwaka uliofuata na nishani zake, akashiriki mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 kuhusu biashara ya watumwa, akatumwa Niger mwaka 1895 kuchunguza ugomvi wa watu wa Brass na kampuni ya Kiingereza, na akafa Sevenoaks tarehe 15 Januari 1922.

Barghash hakungoja hivyo. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kati yao kwamba milki yake ya bara ni ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda ndani. Kabla mwaka haujaisha naye akaletewa ili aridhie. Ubalozini hakuwepo Kirk tena. Alikuwepo kaimu wake, Frederic Holmwood, na karatasi ilikuwa moja.